MAISHA YA MAMA WALKER, MTUNZAJI WA NYWELE



Siku moja tulipokuwa ku ziwa kuteka maji, hapa Mboko, tuliona mama mmoja amemkalisha mtoto mdogo chotara juu ya jiwe ili amchanue. Nywele zilikuwa kavu, chanuo linakwama, mtoto analia. Na sisi tukacheka, eti nywele zake hazijui zifuate baba ao mama! Mwisho mama akachoka, akaomba wembe, akanyoa zote. Tulirudi na haya. Ndiyo sababu tumechagua kuwaeleza maisha ya mwanamke aliyefanya kazi ya kutunza nywele mpaka jina lake likajulikana fasi mingi ya dunia.

Jina lake la kuzaliwa ni Sarah Breedlove. Alizaliwa tarehe 23 Desemba 1867 huko Delta, katika jimbo la Louisiana, Marekani. Wazazi wake walikuwa watumwa katika shamba la pamba, lakini yeye alizaliwa utumwa umekwisha. Alipofika miaka 7 alikuwa yatima, baba na mama wote wamekufa. Akakaa kwa dada yake, na shemeji yake alikuwa mkali. Akiwa na miaka 14 akaolewa. Mwaka 1885 akazaa mtoto mmoja tu, binti, jina lake Lelia. Kiisha mume akafa, naye hajapita sana miaka 20.

Basi akaenda mji wa St. Louis, sababu kaka zake walikuwa vinyozi pale. Akafanya kazi ya kufulia watu nguo kwa miaka mingi. Akina mama wa kanisa la Wamethodisti weusi wakampokea na kumpa moyo. Mshahara ulikuwa kidogo, lakini alijibana ili binti yake asome, hata akamtuma kwenye koleji. Wasomaji, tuangalie hapo: yeye mwenyewe hakupata masomo, lakini mtoto alisoma.

Wakati ule nywele zake zilianza kukatika, kichwa kikatoka mabaka. Hakuwa peke yake. Nyumba nyingi za maskini hazikuwa na maji ya bomba, basi watu walikawia sana kuosha kichwa, na ngozi ikashikwa na magonjwa. Sarah akajaribu dawa namna kwa namna. Akauza pia dawa za mama mwingine mweusi, Annie Turnbo, ambaye baadaye aliitwa Annie Malone. Tusifiche jambo hilo: alijifunza kwa mwenzake, na baadaye wakawa washindani.

Mwaka 1905 akahamia Denver, na mwaka 1906 akaolewa na Charles Joseph Walker, mtu aliyejua matangazo ya magazeti. Tangu hapo akajiita Madam C. J. Walker. Ndani ya dawa yake mlikuwa na salfa, ambayo watu walikuwa wakiitumia tangu zamani kwa ugonjwa wa ngozi. Lakini mafundisho yake yalianza na jambo la bei ndogo: osha kichwa mara kwa mara, safisha ngozi, kiisha paka mafuta. Mwaka 1910 akafungua kiwanda Indianapolis.

Sasa tunafika kwa mtoto. Huko Indianapolis palikuwa na msichana jina lake Fairy Mae Bryant. Damu yake ilikuwa ya watu weusi, wazungu na Wahindi Wekundu. Nywele zake zilikuwa nene na ndefu sana. Mama yake alikuwa mjane. Mwaka 1912 alikubali Lelia amchukue Mae awe binti yake, apate masomo. Mae akasafiri na Mama Walker, na watu walipoona misuko yake mirefu walitamani dawa. Kusema kweli, ule urefu Mae alizaliwa nao, si dawa iliyomletea. Kazi ya dawa na maji ni kulinda kile mtu alichopewa.

Watu wengine walimlaumu Mama Walker, eti anawafundisha weusi kunyoosha nywele wafanane na wazungu. Ni kweli chanuo la moto lilitumika katika kazi yake, ingawa si yeye aliyelibuni. Lakini yeye alikataa kuitwa mnyoosha nywele. Alisema shabaha yake ni kichwa kizima na nywele zenye afya. Mabishano hayo hayajaisha hata leo.

Mwaka 1917 alikusanya mawakala wake zaidi ya 200 huko Philadelphia, wanawake waliokuwa wakila jasho lao wenyewe. Alitoa pia dolari 5,000 kupinga mauaji ya watu weusi. Alikufa tarehe 25 Mei 1919, na miaka 51. Lelia aliendesha kampuni, na alipokufa mwaka 1931, Mae akawa mkubwa wake mpaka kufa kwake mwaka 1945. Yule mtoto wa misuko!

Wasomaji, nywele za kujikunja hukauka upesi, sababu mafuta ya kichwa hayashuki vizuri katika mikunjo. Kwa hiyo zilowanishwe kwanza, zipakwe mafuta, hata yale yatokayo katika kokwa za michikichi yetu. Tushike chanuo la meno mapana, tuanze nchani, tupande polepole, kiisha tusuke bila kuvuta. Maji ya ziwa tunayo. Tukimkuta tena yule mtoto ku jiwe, na nywele zimeota, tusicheke. Tumsaidie mama yake.