Mzee Mboro na deni la Juba 1947

Kila mwaka nikifikia somo la Mkutano wa Juba wa 1947, hakosi mwanafunzi wa kuinua mkono akitaka kujua kama wazee wetu walituuza. Si swali jepesi. Mimi mwenyewe nilisoma ukimbizini nchini Kenya, nikamjua Mekatilili kabla ya kumjua Clement Mboro. Habari za Mboro nilizipata niliporudi Juba nikiwa mtu mzima, na ndizo ninazowasimulia watoto hawa.

Mboro, Mndogo wa Bahr el Ghazal, alizaliwa mwaka 1920, akapata elimu na kuingia utumishi wa serikali ya kikoloni. Juni 12 na 13, 1947, alikuwa miongoni mwa wajumbe wa Kusini waliokutana Juba chini ya James Robertson, kujadili kama Kusini na Kaskazini ziwe na baraza moja la kutunga sheria.

Siku ya kwanza wasomi wa Kusini walisitasita. Siku ya pili baadhi yao, Mboro akiwemo, walikuwa wamebadili nia. Jaji Shingeiti wa Kaskazini alikuwa amewaonya kwamba wasipokwenda Khartoum hawatakuwa na sauti katika serikali ijayo. Mboro akaona njia ya kujilinda ni kukaa barazani. Chifu Lolik Lado wa Liria hakukubali kuharakishwa. Aliufananisha muungano na posa, kwamba binti hupewa muda wa kuuliza habari za mchumba kabla ya kukubali.

Uchungu ulikuja mapema. Mwaka 1954, Waingereza walipoachia vyeo takriban 800, watu wa Kusini walipata sita tu. Agosti 1955 askari wa Torit wakaasi, vita vikaanza.

Baada ya mapinduzi ya Oktoba 1964, Mboro, kiongozi wa Southern Front, akawa mtu wa Kusini wa kwanza kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Sudan. Desemba 6 mwaka huo ndege yake ilichelewa kurudi Khartoum kutoka ziara ya Kusini. Uvumi ukaenea kwamba ameuawa. Vijana wa Kusini waliokuja kumpokea wakafanya ghasia, mji ukawaka, watu wakafa. Yeye alikuwa hai.

Mkataba wa Addis Ababa wa 1972 uliipa Kusini bunge lake hapa Juba, na mwaka 1978 Mboro akawa Spika wake. Rais Nimeiri alipotaka kuigawa Kusini, mzee huyu aliongoza baraza la kutetea umoja wake. Mwanzoni mwa 1982 akatiwa kizuizini pamoja na wenzake, umri ukiwa umepita miaka 60. Juni 1983 Nimeiri aliigawa Kusini mikoa mitatu, lakini wakati huo vita vilikuwa vimekwisha kuanza tena.

Mboro alifariki mwaka 2006. Aliuona mkataba wa amani wa 2005, lakini bendera ya uhuru ya Julai 9, 2011 hakuiona.

Je, alituuza? Mimi huwajibu wanafunzi kwamba muuzaji hakubali kufungwa kwa kutetea alichokwisha kukiuza. Lakini simwondolei Mboro kosa lote. Siku mbili zilikuwa chache mno, na wanavijiji hawakuulizwa. Walipoulizwa katika kura ya maoni ya Januari 2011, zaidi ya asilimia 98 walichagua kujitenga.

Hilo ndilo deni la Juba, wananchi kuulizwa wenyewe. Hata sisi tuliopata uhuru tumelichelewesha. Uchaguzi mkuu uliopangwa kufanyika Desemba 2024 uliahirishwa. Wanafunzi wangu wanajua hilo pia, na siku hizi swali lao haliwahusu marehemu peke yao.