Louis Hennepin: mtawa aliyeona mengi na kudai zaidi

Mwafrika Mashariki anayeishi Minneapolis hukutana na jina la Hennepin karibu kila siku. Limo kwenye maktaba, mahakama na barabara kubwa ya katikati ya mji. Kaunti yenyewe, iliyoundwa mwaka 1852, inaitwa hivyo, na Wasomali wa Cedar-Riverside pamoja na Wakenya wa Brooklyn Park wote wamo ndani ya mipaka yake. Mwenye jina alikuwa mtawa wa Kifransiskani kutoka Ath, mji mdogo ulioko leo nchini Ubelgiji, na alipotokea huku alikuwa mateka.

Alizaliwa mwaka 1626, wakati Ath ikitawaliwa na mfalme wa Hispania. Mwaka 1667 majeshi ya mfalme Louis wa 14 yaliuteka mji huo ukawa wa Ufaransa. Hennepin alipenda safari tangu ujana. Alipotumwa kuomba sadaka katika bandari ya Calais, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa akijificha nyuma ya milango ya vilabu ili asikie hadithi za mabaharia, ijapokuwa moshi wa tumbaku ulimchafua tumbo.

Mwaka 1675 alivuka bahari hadi Quebec, katika merikebu moja na mvumbuzi La Salle. Miaka mitano baadaye, tarehe 29 Februari 1680, La Salle alimtuma yeye na wenzake wawili wakaupeleleze mto Mississippi. Kiongozi wa msafara alikuwa Michel Accault, jambo ambalo msomaji wa vitabu vya Hennepin hawezi kulitambua kwa urahisi.

Tarehe 11 Aprili walikamatwa na wapiganaji wa Kidakota waliokuwa katika mitumbwi 33, wakapelekwa kaskazini karibu na ziwa Mille Lacs. Mzee Aquipaguetin, aliyefiwa na mwanawe vitani, alimfanya Hennepin kuwa mtoto wake. Mtawa alipodhoofika kwa njaa na uchovu, wenyeji walimfanyia tiba ya mvuke hadi akapata nguvu.

Ni katika miezi hiyo ya kiangazi ndipo alipoyaona maporomoko ya maji yanayopita leo katikati ya Minneapolis. Akayaita kwa jina la Mtakatifu Antoni wa Padua. Wadakota walikuwa na jina lao, Owámniyomni, na walikuwa na ibada yao. Hennepin aliandika kwamba alimwona mtu juu ya mwaloni, akilia kwa uchungu na kuitolea roho ya maporomoko joho la ngozi ya biva.

Mfaransa Dulhut ndiye aliyewatoa mikononi mwa Wadakota mwaka huohuo. Kitabu cha Hennepin kilichapishwa Paris mwaka 1683, kikasomwa sana na kutafsiriwa katika lugha kadhaa za Ulaya. Lau angeishia hapo, sifa yake ingebaki bila doa kubwa.

Lakini alikosana na wakubwa zake, akaondoka Ufaransa, akatafuta hifadhi kwa William wa Tatu, mtawala wa Uholanzi na Uingereza, hasimu wa Louis. Mwaka 1697, mjini Utrecht, alitoa kitabu kipya akidai kwamba mwaka 1680, kabla ya kutekwa, alishuka Mississippi hadi baharini, miaka miwili kabla ya La Salle. La Salle hakuweza kujibu: aliuawa na watu wake mwenyewe mwaka 1687.

Mhariri yeyote angechukua kalenda. Kati ya kuondoka na kutekwa ni wiki sita tu. Safari anayoidai ni zaidi ya kilomita 3,500 kwenda na kurudi, nusu yake ikiwa ni kupiga makasia dhidi ya mkondo. Aidha, sehemu za simulizi hiyo zinafanana mno na kitabu alichokitoa mtawa mwenzake, Chrétien Le Clercq, mwaka 1691.

Kwa nini alifanya hivyo? Wengi wamemwita mwongo, na neno hilo haliondoki. Hata hivyo, mtu aliyehama nchi na kubisha hodi kwa mfalme mwingine huulizwa amekuja na nini mkononi. Habari za mdomo wa mto ule zilikuwa na thamani kubwa kuliko za mateka aliyelishwa na Wadakota. Sisi tulioandika tukiwa ugenini tunakijua kishawishi hicho, ingawa si sote tuliokiitikia.

Mwaka 1699 Louis aliamuru akamatwe endapo angekanyaga Canada. Mwaka 1701 alikuwa Rome, katika nyumba ya watawa ya Aracoeli, na hiyo ndiyo habari yake ya mwisho ya uhakika.

Wadakota nao walifukuzwa Minnesota kwa sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 1863. Maporomoko yalizungukwa na vinu vya unga, na sasa maji yanateremkia juu ya zege. Wazao wa waliorudi wanaliita tena Owámniyomni. Miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa yanayoonyesha kwamba mababu zao waliabudu pale ni ukurasa wa Hennepin kuhusu yule mtu juu ya mwaloni.