Maulana Abul Kalam Azad na Haki za Walio Wachache

Wanaomjua Maulana Abul Kalam Azad kwa uwaziri wake ni wengi. Wanaomjua kwa elimu yake ya dini ni haba. Alizaliwa Makka tukufu mwaka 1888, na babake, Maulana Khairuddin, alikuwa shekhe mwenye muridi wengi. Angali mtoto jamaa zake walihamia Calcutta, akasomeshwa nyumbani Kiarabu, Kiajemi, fiqhi na mantiki. Alipopevuka akili aliikataa taklidi, hata ushekhe wa babake hakuutaka kuurithi, akajiita Azad, yaani aliye huru.

Mwaka 1912 alianzisha gazeti la Al-Hilal kwa Kiurdu. Al-Manar la Misri, ambalo marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui naye alikuwa akilisoma hapa Mombasa, lilikuwa limemwathiri sana. Serikali ya Kiingereza haikulivumilia Al-Hilal. Lilikoma mwaka 1914, na mwenyewe akatolewa Bengal mwaka 1916 akawekwa kizuizini Ranchi zaidi ya miaka mitatu.

Katika siku za harakati ya Khilafa ndipo alipoikabili mas'ala iliyomshughulisha umri wake wote: Muislamu aishi vipi katika nchi ambayo walio wengi si wa dini yake? Aliutolea hoja mkataba wa Madina, ambao Mtume (s.a.w.) aliwaandikia watu wa mji ule, Mayahudi wakiwamo, kila watu na dini yao na wote pamoja katika kuulinda mji. Kwa hiyo aliona hapana ubaya Waislamu kushirikiana na Wahindu kuudai uhuru. Wako maulamaa waliompinga vikali.

Machi 1940, huko Ramgarh, alihutubia chama cha Congress akiwa rais wake. Waislamu walikuwa karibu robo ya watu wote wa Bara Hindi. Alishika mambo mawili: kwamba katiba yoyote itakayotungwa lazima iwe na dhamana kamili za haki za walio wachache, na kwamba wanaopasa kuamua dhamana zipi zinawatosha ni wao wenyewe, si walio wengi. Jambo hili la pili ndilo zito, nasi twaliona ni bora kuliko yote aliyoyanena katika siasa, maana mwenye nguvu ni mwepesi kumpimia mwenziwe haki kwa kibaba chake mwenyewe.

Siku chache baadaye Muslim League, mkutanoni Lahore, ilidai dola mbali kwa Waislamu. Azad alifungwa tangu Agosti 1942 hata Juni 1945, na mkewe, Zuleikha, alifariki naye yumo gerezani. Mwaka 1946 aliunga mkono mpango wa kuyaachia majimbo sehemu kubwa ya madaraka. Ukavunjika, na mwaka 1947 nchi ikagawanywa. Oktoba ya mwaka huo, damu ikimwagika, alisimama katika Msikiti wa Jamia wa Delhi akawasihi Waislamu wasiihame nchi yao.

Katiba ya Bara Hindi, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, haikuweka dini ya taifa. Kifungu cha 25 kinampa kila mtu uhuru wa kuifuata na kuitangaza dini yake, na cha 30 kinawapa walio wachache haki ya kuanzisha na kuendesha skuli zao. Lakini viti vya Bunge walivyotengewa watu wa dini chache viliondolewa mwaka 1949 katika kuitunga katiba, na wajumbe wa Kiislamu wenyewe walikhitilafiana juu yake. Tena kifungu cha 44 kinaitaka serikali ijitahidi kuweka sheria moja ya madai kwa raia wote, jambo linalogusa ndoa na mirathi, na ugomvi wake haujesha hata leo. Hapa twajiuliza kama sharti lile la Ramgarh lilitimizwa lote.

Alikuwa Waziri wa Elimu tangu 1947 hata alipofariki, tarehe 22 Februari 1958, akazikwa Delhi karibu na msikiti huo huo. Tafsiri yake ya Qur'ani, Tarjuman al-Qur'an, hakuwahi kuimaliza. Mwenyezi Mungu amrehemu.