Mazzola akikunja mikono ya jezi, mmekwisha

Torino ikibanwa nyumbani, tarumbeta lililia jukwaani, nahodha Valentino Mazzola akakunja mikono ya jezi. Hapo mpinzani alijua kimenuka.

Jamaa alizaliwa 1919 Cassano d'Adda, Italia, kwenye umaskini. Akiwa na miaka 10 alijitosa mtoni kumwokoa mtoto aliyekuwa anazama. Kumbe yule mtoto, Andrea Bonomi, naye angekuja kuwa nahodha wa AC Milan!

Alitua Torino 1942 akitokea Venezia. Msimu wa 1946/47 alitupia mabao 29.

Mei 3, 1949 Torino ilikwenda Lisbon kucheza mechi ya kumuenzi rafiki yake, Francisco Ferreira, nahodha wa Benfica. Wakalala 4-3. Kesho yake, wakikaribia kutua Turin, ukungu ulifunika kilima cha Superga. Ndege ikajibamiza kwenye ukuta wa nyuma wa kanisa lililo juu ya kilima. Wote 31 wakafa, 18 kati yao wachezaji.

Mechi nne zilizobaki walimalizia vijana, wapinzani nao wakapanga vijana wao. Huo ukawa ubingwa wa tano wa Mazzola, naye hayupo. Alikufa na miaka 30 tu.

Mwanawe Sandro alikuwa na miaka sita. Mwaka 1964 aliifungia Inter mabao mawili fainali ya Ulaya, mbele ya Real Madrid.