Imamu Muhammad bin Jarir At-Tabari, Mwandishi wa Tarikhi ya Mitume na Wafalme

Napenda ndugu zangu wasomaji tumkumbuke katika kurasa hizi mtu ambaye tunakula katika sahani yake kila siku wala hatumtaji. Tunapohadithia habari za Makhalifa wanne, au za vita vya Siffin, au za kuanguka kwa Bani Umayya, mara nyingi sana habari hizo zimetufikia kwa mkono wake. Mtu huyo ni Imamu Abu Jaafar Muhammad bin Jarir At-Tabari, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wanafunzi wetu wanamjua kwa tafsiri yake ya Kurani. Ama tarikhi yake, wachache wameifungua, nayo ndiyo nitakayoizungumza zaidi.

Alizaliwa katika mji wa Amul, nchi ya Tabaristan, kusini ya Bahari ya Kaspi, mwishoni mwa mwaka 224 Hijria au mwanzoni mwa 225, yaani mwaka 839 wa Miladi. Shaka hiyo haikutoka kwa waandishi waliokuja nyuma, ilitoka kwake mwenyewe. Watu wa kwao walikuwa wakihesabu kwa matukio, si kwa miaka, na alipokuwa mkubwa akawauliza wazee tukio la mwaka wake lilikuwa lipi, wakahitilafiana. Hapa kwetu jambo hili halimshangazi mtu. Wazee wa Rwanda walikuwa wakikwambia fulani kazaliwa wakati wa njaa ya Ruzagayura, na ni juu yako wewe kujua kwamba njaa hiyo ilikuwa mwaka 1943 na 1944. Basi yule aliyekuja kuzipanga karne tatu za Uislamu mwaka baada ya mwaka, mwenyewe hakupata yakini ya mwaka wake.

Baba yake alikuwa mtu wa kadiri, mwenye shamba. Inasimuliwa kwamba aliota mwanawe amesimama mbele ya Mtume, Rehema na Amani zimshukie, ana mfuko wa mawe na anayatupa. Akaambiwa na mfasiri wa ndoto kuwa mtoto huyu akikua ataitetea sharia. Toka hapo hakuona uchungu kutoa mali kwa ajili ya elimu yake. Mtoto akahifadhi Kurani akiwa na miaka 7, akasalisha watu akiwa na miaka 8, na kwenye mwaka wa 9 akaanza kuandika Hadithi. Alipotimiza miaka kama 12 aliondoka kwao kwenda Rayy. Huko alikuwa na masheikh wawili, mmoja ndani ya mji na mwingine katika kijiji cha nje, na wanafunzi wakitoka kwa huyu hukimbia kama wendawazimu ili wawahi darsa ya yule. Kwa Muhammad bin Humayd, yule wa mjini, ndipo alipoipata Sira ya Ibn Ishaq, ambayo baadaye aliitia kwa wingi ndani ya tarikhi yake.

Akashika njia ya Baghdad akitaraji kusoma kwa Imamu Ahmad bin Hanbal. Imamu Ahmad akafariki mwaka 241 (855), kabla kijana huyu hajawasili. Akaenda Basra, kisha Kufa, ambako palikuwa na sheikh mmoja mkali, Abu Kurayb. Siku moja wanafunzi walijaa mlangoni kwake wakiomba kuingia. Sheikh akachungulia akauliza ni nani kati yao anayehifadhi aliyoyaandika kutoka kwake. Wakatazamana, kisha wote wakamtazama Muhammad bin Jarir. Akaulizwa, akajibu hadithi kwa hadithi na siku aliyoisikia kila moja, na mlango ukafunguliwa.

Alisafiri hadi Sham na Misri. Matumizi yake yalikuwa yakitoka shambani kwa baba yake, na safari moja fedha zilipochelewa alikata mikono ya kanzu yake akaiuza apate chakula. Yapata mwaka 256 (870) akarejea Baghdad akakaa huko mpaka kufa kwake. Hajulikani kuwa alioa. Waziri mmoja alimpelekea mali akairudisha. Akapewa ukadhi akaukataa, na rafiki zake walipomlaumu aliwakaripia, kwa kuwa alitaraji wao ndio wangemzuia lau angeukubali. Zawadi alipokea ile tu ambayo aliweza kuilipa kwa mfano wake. Naliandika hili kwa makusudi, kwani mtu anayekula kwa mfalme ni taabu kuandika habari za mfalme.

Tafsiri yake aliwasomesha watu kwa miaka mingi, nayo ikipigwa chapa hufika juzuu 30. Kisha akawauliza wanafunzi wake kama wangefurahi kupata tarikhi ya ulimwengu tangu Adamu mpaka zama zao. Walipouliza ukubwa wake akawatajia karatasi 30,000. Wakasema umri utakwisha kabla ya kitabu. Akasikitika kwa himma za watu kufa, akaifupisha ikawa karatasi kama 3,000. Ndiyo hiyo tuliyo nayo, inayoishia mwaka 302 (915).

Sasa tuitazame kazi yenyewe. At-Tabari hasimulii kama tunavyosimulia sisi, habari moja iliyonyooka toka mwanzo hadi mwisho. Huleta riwaya na isnadi yake, fulani kapokea kwa fulani naye kwa fulani aliyekuwapo. Kisha huleta riwaya ya pili juu ya jambo lile lile, pengine inaipinga ya kwanza, na mara nyingi huziacha zote mbili bila ya kuamua. Katika dibaji anamtahadharisha msomaji kwamba atakaloliona humo la kuchukiza halikutoka kwake, limetoka kwa waliompokeza, naye ametekeleza kama alivyotekelezewa. Wako waliomlaumu kwa hilo, wakisema amejaza kitabu riwaya dhaifu. Lawama hiyo ina haki yake, na asiyejua wapokezi asikichukue kila kilichomo akakipandisha mimbarini. Lakini lau angelichuja kwa hamu ya nafsi yake, tungelipoteza mengi, na mfano wake unatugusa sisi watu wa Afrika hasa.

Mwaka 255 (869) waliasi watumwa weusi wa nchi ya Basra, Waarabu wakiwaita Zanj, jina walilowaitia pia watu wa pwani yetu. Wanavyuoni wa leo wanahitilafiana ni wangapi kati yao waliotoka kweli pwani hii. Kazi yao ilikuwa kubandua tabaka ya chumvi juu ya ardhi ya vinamasi ili ipate kulimwa, makundi kwa makundi, mbali na watu wao. Akawatokea mtu jina lake Ali bin Muhammad, akawaahidi uhuru na mali. Vita vikadumu kiasi cha miaka 14. Mwaka 257 (871) wakaingia Basra, wakaua watu wasiohesabika na kuuchoma msikiti wake. Waliokimbia utumwa nao wakagawana mateka. Mwaka 270 (883) Al-Muwaffaq, nduguye Khalifa, akauvunja mji wao wa Al-Mukhtara, na Ali bin Muhammad akauawa.

At-Tabari aliwachukia waasi hawa. Kila anapomtaja mkuu wao humwita adui wa Mungu na khabithi, na haifichi chuki hiyo hata kidogo. Hata hivyo alipotaka kueleza uasi ulivyoanza, hakutosheka na maneno ya majemadari wa Khalifa. Alichukua habari kwa Muhammad bin Al-Hasan, mtu aliyekuwa upande wa waasi, na kwa njia yake akaleta masimulizi ya Rayhan bin Salih, mmoja wa watumwa wa vinamasini. Rayhan alikuwa akisafirisha unga kutoka Basra kuwapelekea watumwa wa bwana wake, watu wa Ali wakamkamata wakampeleka kwake. Akaulizwa habari za watumwa wenzake, na kila mmoja hupewa kiasi gani cha unga na tende. Kisha akatumwa akawavute wengine, naye akawa wa kwanza kujiunga.

Msomaji, hebu fikiri. Huyu ni mtumwa mchukuzi wa unga, na jina lake limewekwa ndani ya isnadi mahali pale pale wanapowekwa watoto wa Masahaba, na imamu asiyempenda. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilirudi nyuma kutazama kama sikukosea.

Mwisho wa umri wake haukuwa wa raha. Aliandika kitabu juu ya hitilafu za mafakihi asimtie Imamu Ahmad bin Hanbal, kwa kuwa alimhesabu mtu wa Hadithi, si fakihi. Wafuasi wa Imamu Ahmad katika Baghdad wakaghadhibika, wakaipiga nyumba yake mawe hata yakalundikana mlangoni, ikabidi mkuu wa polisi aje na askari. Alifariki katika Shawwal mwaka 310 (923), umri wake ukiwa umepita miaka 80, akazikwa ndani ya nyumba yake. Riwaya moja inasema alizikwa usiku kwa kuwaogopa wenye fujo. Nyingine inasema walihudhuria watu wengi mno, na kaburi lake likasaliwa miezi kadhaa usiku na mchana. Zote mbili zimeandikwa.

Madhehebu aliyoyaasisi, yaliyoitwa Jaririya, hayakuishi muda mrefu baada yake, na vitabu vyake vingi vimepotea. Tarikhi ilifasiriwa kwa Kiajemi mapema, mwaka 352 (963), kwa amri ya mfalme wa Kisamani, kwa kufupishwa na kuondolewa isnadi. Ile ya Kiarabu ilibaki vipande vipande katika maktaba mbalimbali, hata wataalamu wakavikusanya wakavipiga chapa huko Leiden, Uholanzi, baina ya mwaka 1879 na 1901.