Jesse Owens na salamu ya kando ya barabara

Mwezi Agosti mwaka 1936, mitaa ya jiji la Cleveland, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, ilifurika watu waliotoka kumlaki kijana wa mji wao aliyekuwa akirejea kutoka Berlin na medali nne za dhahabu za michezo ya Olimpiki. Miongoni mwa waliosubiri kando ya njia alikuwamo mtoto wa miaka 13, mwembamba mno, aitwaye Harrison Dillard. Gari la wazi lilipofika mahali alipokuwa, Jesse Owens aliwatazama yeye na wenzake, akawakonyeza, akawasalimu, na gari likapita. Yote hayo hayakuchukua zaidi ya sekunde chache. Mtoto yule alitoka mbio hadi nyumbani kumwarifu mama yake kuwa amemwona Jesse Owens, na kwamba naye atakuwa kama yeye.

Watoto wasiohesabika wamewahi kuweka nadhiri ya namna hiyo na kuisahau kabla ya chakula cha jioni. Dillard hakuisahau. Na huyo aliyemkonyeza alikuwa ameingia katika riadha kwa mlango ule ule.

James Cleveland Owens alizaliwa tarehe 12 Septemba 1913 katika kijiji cha Oakville, Alabama, akiwa wa mwisho kati ya watoto kumi wa Henry na Emma Owens. Babu zake walikuwa watumwa, na wazazi wake walilima pamba katika ardhi ya mtu mwingine kwa masharti ya kugawana mavuno, mpango uliomwacha mkulima na deni kila msimu. Jesse alikuwa mtoto wa maradhi ya mara kwa mara. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 familia iliungana na maelfu ya Wamarekani weusi waliohama kusini kwenda kutafuta kazi za viwandani kaskazini, ikatua Cleveland. Huko, mwalimu alipomuuliza jina, mtoto alitaja herufi mbili alizozoea kuitwa nyumbani, J.C. Mwalimu hakuizoea lafudhi ya kusini, akaandika Jesse, na jina hilo halikubadilika tena.

Katika shule ya Fairmount, mwalimu wa michezo Charles Riley, Mzungu mwenye subira nyingi, aliona jinsi mvulana huyo alivyokimbia. Baada ya masomo Jesse alifanya kazi katika duka la kutengeneza viatu, hivyo Riley akakubali kumfundisha alfajiri, kabla ya kengele ya shule. Ni katika miaka hiyo ndipo shuleni hapo alipofika mgeni, Charley Paddock, mshindi wa mita 100 katika Olimpiki ya Antwerp mwaka 1920, ambaye magazeti yalikuwa yamemtangaza kuwa binadamu mwenye kasi kuliko wote duniani. Paddock alizungumza na wanafunzi, kisha Riley akamwingiza Jesse ofisini ili apeane mkono na mgeni. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Mgeni alipoondoka, mvulana alimweleza mwalimu wake kuwa naye anataka kuitwa kama alivyoitwa mtu yule.

Kisa hicho Owens alikisimulia maisha yake yote. Ni kweli kwamba katika utu uzima aliishi kwa kutoa hotuba, na baadhi ya visa vyake vilinenepa kadiri miaka ilivyopita. Lakini kukutana na Paddock ni jambo ambalo mwenendo wake wa baadaye unalithibitisha: katika maisha yake ya umma hakuonekana kuwachoka watoto.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1933, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari ya East Technical, alifikia rekodi ya dunia ya yadi 100 kwa sekunde 9.4. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio bila msaada wa masomo, akazuiwa kuishi katika mabweni ya chuo kwa sababu ya rangi yake, na akajikimu kwa kuendesha lifti katika jengo la serikali ya jimbo. Tarehe 25 Mei 1935 mjini Ann Arbor, katika muda wa takriban dakika 45, alivunja rekodi tatu za dunia na kuifikia ya nne. Rekodi yake ya kuruka mbali ya siku hiyo, mita 8.13, ilidumu hadi mwaka 1960.

Kuhusu Berlin, wino mwingi umemwagika juu ya iwapo Adolf Hitler alikataa kumpa mkono. Hao wawili wamewafunika Wajerumani wa kawaida, ambao pengine ndio wanaostahili kukumbukwa zaidi. Owens alishinda mita 100 tarehe 3 Agosti, kuruka mbali tarehe 4, mita 200 tarehe 5, na mbio za kupokezana vijiti tarehe 9. Uwanja mzima ulilitaja jina lake kwa sauti moja. Katika kijiji cha wanamichezo watu walikuja hadi dirishani kwake, wenye kamera na wenye daftari, wakitaka picha na saini, mpaka usingizi ukawa wa shida. Utawala ulikuwa umewafundisha kwamba mtu mweusi ni kiumbe duni, nao wakasukumana ili wamkaribie. Luz Long, Mjerumani aliyeshika nafasi ya pili katika kuruka mbali, alikuwa wa kwanza kumpongeza, na wakatembea wameshikana mikono mbele ya watazamaji.

Nyumbani mambo yalikuwa kinyume kwa namna yake. Umati ulimshangilia, milango ikabaki imefungwa. Jijini New York, baada ya gwaride la heshima, ilifanyika karamu katika hoteli ya Waldorf-Astoria, na mgeni wa heshima akapandishwa huko kwa lifti ya mizigo. Rais Franklin Roosevelt hakumwalika Ikulu. Chama cha riadha ya ridhaa kilikuwa tayari kimemsimamisha kwa kuwa alikataa kuendelea na ziara ya mashindano barani Ulaya. Desemba mwaka huo huo, mjini Havana, bingwa wa Olimpiki alishindanishwa na farasi kwa malipo, kwa sababu alikuwa na mke na mtoto wa kulisha. Biashara yake ya kufua nguo ilimfilisi mwaka 1939.

Katika miaka hiyo migumu, Dillard alikuwa akikua katika mitaa ile ile ya Cleveland. Yeye na rafiki zake walichukua springi za viti vya magari mabovu, wakazipanga uchochoroni na kuziruka kama viunzi. Alisoma East Technical, shule ya Owens, na Owens, ambaye wakati huo hakuwa na kingi cha kugawa, alimpa jozi ya viatu vya kukimbilia.

Baada ya kutumikia jeshi nchini Italia katika Vita Vikuu vya Pili, Dillard akawa bingwa wa viunzi ambaye hakuna aliyetarajia ashindwe. Hata hivyo, katika mchujo wa timu ya Marekani mwaka 1948 aligonga viunzi kimoja baada ya kingine na hakumaliza mbio. Alikuwa ameponea chupuchupu katika mita 100, nafasi ya tatu, ya mwisho iliyompa tiketi ya London. Katika uwanja wa Wembley mwenzake Barney Ewell alikwishaanza kusherehekea pale picha ya mstari wa mwisho ilipoonyesha kuwa mshindi ni Dillard. Muda wake ulikuwa sekunde 10.3, sawasawa na ule wa Owens mjini Berlin. Aliongeza dhahabu ya kupokezana vijiti huko London, na nyingine mbili Helsinki mwaka 1952, ikiwamo ya viunzi. Jumla zikawa nne. Alifariki dunia mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 96.

Owens naye alirudi katika uwanja wa Berlin mwaka 1951, akifuatana na timu ya mpira wa kikapu ya Harlem Globetrotters, na watu wapatao 75,000 walimpokea. Katika safari hiyo alikutana na mtoto wa Luz Long, ambaye baba yake alikuwa amefariki vitani Sicily mwaka 1943. Mwaka 1976 Rais Gerald Ford alimtunuku Nishani ya Rais ya Uhuru, miaka 40 baada ya ushindi wake. Owens alikuwa mvutaji sigara wa muda mrefu, na saratani ya mapafu ilimuua mjini Tucson, Arizona, tarehe 31 Machi 1980, akiwa na umri wa miaka 66.

Miaka ya 1970, katika mashindano ya watoto yaliyobeba jina lake, alikuwa amepigwa picha na mvulana mmoja aliyeletwa na baba yake. Mvulana huyo alikuwa Carl Lewis. Mwaka 1984 mjini Los Angeles, Lewis alishinda mita 100, mita 200, kuruka mbali na kupokezana vijiti, michezo minne ile ile ya Berlin.