Naftali Temu: Jamaa wa Nyamira Aliyeletea Kenya Gold ya Kwanza ya Olimpiki

Uliza msee yeyote mtaani ni nani alileta dhahabu ya kwanza ya Olimpiki Kenya, na wengi watakurushia jina la Kipchoge Keino. Zii! Keino alichukua yake wiki moja baadaye. Wa kwanza ni Naftali Temu, Mkisii wa Mugirango Kaskazini, aliyezaliwa 1945 huko Nyamira.

Gusii ilikuwa na mbio tangu kitambo. Nyandika Maiyoro alikuwa amekimbia Olimpiki za 1956 na 1960 kabla Kenya ipate uhuru, na vijana wa huko walijua jina lake vizuri. Temu akaingia jeshini, na akiwa na miaka 19 tu akapelekwa Tokyo 1964. Mambo haikuwa poa: mita 10,000 hakumaliza, marathoni akatokea nambari 49. Ungemuona hapo ungesema huyu arudi tu shamba.

Miaka miwili baadaye, kule Kingston, Jamaica, kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola, akamwacha Ron Clarke kwa maili sita. Clarke si mtu wa mchezo. Huyo Muaustralia ndiye alikuwa na rekodi ya dunia ya mita 10,000.

Halafu ikaja Mexico City, Oktoba 13, 1968. Mji uko juu mita 2,240 hivi, hewa nyepesi, na wazito wa nchi za chini walikuwa wanahema kama wamebeba magunia. Clarke alimaliza wa sita akaanguka, ikabidi apewe oksijeni. Keino naye alikuwa kwa hizo mbio, lakini nyongo ilikuwa inamtesa na ikamwangusha kabla ya mwisho. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikilia, Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa mbele. Wengi wangekubali fedha hapo, kwani medali ni medali. Temu alikataa. Akamfuata, akamfuata, na kwenye ule mnyoosho wa mwisho akampita: dakika 29, sekunde 27.4. Wolde alikuwa nyuma kwa sekunde 0.6 pekee!

Na hii ndiyo inashangaza watu: mpaka leo hakuna mwanaume mwingine Mkenya aliyeshinda mita 10,000 Olimpiki. Na vile tunajigamba na mbio ndefu! Hata Paris 2024, ya wanaume ilibebwa na Cheptegei wa Uganda.

Siku nne baadaye Temu akaongeza shaba ya mita 5,000. Bado hakupumzika, akaingia marathoni, akawa wa 19. Wolde akashinda hiyo, kwa hivyo wakawa sare kiasi.

Baada ya hapo form ikashuka haraka. Munich 1972 alitolewa kwenye mchujo wa mita 10,000, akiwa na miaka 27 tu. Mwaka huohuo Wakisii wengine, Charles Asati, Hezahiah Nyamau na Robert Ouko, pamoja na Julius Sang, wakachukua dhahabu ya kupokezana vijiti.

Temu alifariki Machi 10, 2003 katika Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, kwa saratani ya tezi dume. Alikuwa na miaka 57.